Watu Saba Katika Ua wa Shuri

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: wanaume saba wenye panga mbili viunoni, walikuwepo uani siku ile au hawakuwepo? Siku yenyewe ilikuwa imepita karne kadhaa. Ua wenyewe ulikuwa wa ikulu ya Shuri, katika visiwa vya Ryukyu, ambavyo leo vinaitwa Okinawa na viko kusini kabisa mwa Japani. Mimi nilikuwa International City, mtaa wa wapangaji Dubai, kitanda cha juu, chumba cha wasichana wanne, na wanaume hao saba nilikuwa nimewaagiza mwenyewe.

Nitafika kwao. Mmeniomba, ninyi mnaobaki karakana kwenye meza ya watu wadogo wa modeli, niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii, na nimeahirisha mara nne kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nina miaka thelathini na mbili, kwa hiyo nikisema nimestaafu mnacheka. Lakini kibano nimekirudisha, kioo cha kukuzia nimekirudisha, na narudi Iringa kufundisha historia, ambayo ndiyo niliyoisomea. Sijui neno jingine la hali hiyo.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya Al Quoz dakika hamsini kabla ya kufunguliwa. Nilikuwa nimekosa kazi nyumbani kwa muda mrefu, nikaja Dubai kukaa kwenye kaunta ya duka la simu, na huko ndiko niliposikia kwamba kuna watu wanaotengeneza modeli za majengo na wanatafuta mtu anayeweza kusoma vitabu vya historia bila kulalamika. Nilidhani ni utani. Meneja, ambaye wote tulimwita Sir, aliniuliza maswali mawili tu: kama mikono yangu inatetemeka, na kama nina haraka. Nilisema hapana kwa yote mawili. Jibu la kwanza lilikuwa uongo.

Akanipeleka meza ya mwisho, karibu na dirisha, kwa mzee mwembamba aliyekuwa akipaka rangi kitu ambacho sikukiona mpaka nilipoinama. Kilikuwa ni mtu. Alikuwa mrefu kama ukucha wa kidole gumba, na alikuwa amevaa viatu.

"Huyu ni Wambua," Sir akasema. "Ukimuudhi, umeniudhi mimi."

Wambua alitoka Wamunyu, Ukambani, ambako watu huchonga kwa ukoo. Alichonga tangu akiwa shule ya msingi, akaja Dubai kama mlinzi, na siku moja mtu akamwona akichonga kijiti cha meno lindoni. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akanisukumia sinia la watu arobaini wa plastiki.

"Mwalimu," alisema, maana Sir alishamwambia nina digrii, "hao ni wa bustani ya villa, kule Mirdif. Wapange."

Nilifikiri sana. Nilifikiri kuhusu jua litatoka wapi, nani anamjua nani, nani atakuwa na aibu kusimama karibu na bwawa. Saa mbili baadaye nilikuwa nimewapanga wote arobaini, kila mmoja na nafasi yake sawasawa, wote wakiangalia mlango.

Wambua alikuja, akasimama, akawatazama. "Hawa wanangoja nini? Viza?"

Hilo ndilo somo la kwanza, na sijapata bora zaidi: watu hawasimami sawasawa. Wawili wawe karibu, mmoja awe peke yake, mmoja awe amegeuka kana kwamba ameitwa. Na msiweke mtu anaangalia ukuta. Mteja hajui kwa nini anakosa raha, lakini anakosa raha.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Kibano chenye ncha iliyopinda ni bora kuliko kilichonyooka, hata kama kilichonyooka kinaonekana cha kitaalamu. Brashi ya nywele tatu hainunuliwi. Unanunua ya kawaida, unazing'oa nywele mpaka zibaki tatu. Chai usiiweke upande wa mkono unaofanya kazi. Na watu wote, kabla mteja hajakubali, washikwe kwa nta tu. Nta inaachia. Gundi haiachii, na ukilazimisha inang'oka na sakafu yake. Kanuni hii aliniambia Wambua siku ya pili. Sote wawili tuliivunja mara moja, na ndiyo habari ninayotaka kuwaambia.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Bwana Higa, mzee wa Okinawa mwenye kampuni ya vipuri vya meli, alikuwa na ofisi katika mojawapo ya minara ya Jumeirah Lake Towers. Alitaka modeli ya ikulu ya wafalme wa kwao, iwekwe chini mlangoni ambako kila anayeingia ataiona. Hakutaka majengo matupu. Alitaka siku moja maalumu: siku wajumbe wa mfalme mkuu wa China wanapofika na waraka wa kumtambua mfalme mpya wa Ryukyu.

Sir akanipa mimi utafiti na Wambua watu. Watu wenyewe walikuwa mia mbili na kumi na mmoja.

Nilisoma miezi miwili. Sijawahi kufurahi hivyo tangu chuoni, na niliogopa kwamba furaha yenyewe ni dalili ya kukosea. Visiwa vile vilikuwa na falme tatu ndogo zilizogombana mpaka mtawala mmoja akaziunganisha, katika karne ya kumi na tano. Ukoo wake haukudumu. Aliyechukua kiti baada yao alikuwa ofisa wa hazina aliyezaliwa kwa wakulima katika kisiwa kidogo, na jambo la kwanza alilofanya ni kujipachika jina la ukoo aliourithi, ili China imwone kama mtoto wa nyumba ile ile. Ndugu yake akatawala baada yake kwa miezi sita tu, kwa sababu makuhani wa kike, waliokuwa na nguvu kubwa katika ufalme ule, walitoka kwenye sherehe wakampa mgongo. Akaelewa, akashuka. Nilipomsimulia Wambua, alisema hao wanawake angependa kuwaona wakikutana na Sir.

Ua wa Shuri umepigwa mistari myekundu na myeupe ya vigae, ili kila ofisa ajue asimame wapi. Vyeo vilionekana kwenye kilemba: zambarau kwa wakubwa, manjano kwa wanaowafuata, nyekundu chini yao, kijani mwisho. Hapa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, tuliruhusiwa kupanga watu sawasawa. Wambua aliona vibaya mpaka siku ya tatu, akazoea.

Halafu nikafika karne ya kumi na saba. Jeshi la Satsuma, jimbo la kusini mwa Japani, lilivuka bahari na bunduki, likamchukua mfalme, likakaa naye Japani miaka miwili, kisha likamrudisha kwenye kiti chake na masharti. Tangu hapo mfalme alikuwa na mabwana wawili. Satsuma walichukua sehemu ya mavuno na kuweka maofisa wao bandarini. China nayo iliendelea kumtambua kama mfalme aliye chini yake. Na siku aliyoichagua Bwana Higa ilikuwa baada ya hayo yote.

Chuoni nilifundishwa kumtafuta mwenye bunduki anayejificha nyuma ya picha nzuri. Nikaona ua umejaa vilemba vya rangi na hakuna hata mtu mmoja wa Satsuma. Nikajiambia kwamba tukiwaacha tunasema uongo. Nikamwendea Wambua, nikamwambia nahitaji watu saba, wa Japani, panga mbili kila mmoja, wasimame upande wa kusini karibu na ngazi.

Hakununua. Aliwachonga mwenyewe kwa mti. Siku kumi na moja. Panga zilikuwa waya wa sindano, na kila mmoja alikuwa na uso wake. Wa tatu alikuwa na sura ya mtu aliyekula vibaya asubuhi. Sijawahi kuona kazi kama ile, wala yeye hakuwahi kuifanya. Na kwa kuwa walikuwa wazito kuliko wa plastiki, na modeli ingesafirishwa kwa lori, aliwashika kwa gundi. Nilimwona akifanya hivyo. Nilisema sawa.

Siku nne kabla ya kupeleka, nikisoma jambo jingine kabisa, kuhusu chakula cha wajumbe, nikakutana na aya moja. Ilisema kwamba wajumbe wa China walipokuwa visiwani, watu wa Satsuma walijificha. Hawakujificha nyuma ya nguzo. Walihama na kukaa katika kijiji cha kaskazini kwa miezi yote mpaka meli za China zilipoondoka. Wenyeji walificha kila kitu cha Kijapani, wakafundishwa cha kujibu wakiulizwa. Yote hayo ili China isijue, au ipate nafasi ya kujifanya haijui. Siku yangu ilikuwa ndani ya miezi hiyo hiyo, ambayo wanaume wale saba wasingeweza kabisa kuonekana uani.

Sasa muelewe hali ilivyokuwa. Wambua alikuwa na miaka hamsini na tisa na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Mwenye karakana hakupenda kuwaongezea wazee. Sir alikuwa amempigania, na jibu alilopata alituambia wote wawili, wazi, mbele ya mashine ya leza: kazi ya Higa ikipokelewa bila kurudishwa, Wambua anapewa miaka miwili, ikirudi, anarudi Wamunyu. Binti yake wa mwisho alikuwa na miaka miwili ya kumaliza chuo cha uuguzi. Hakuwahi kuiunganisha miaka hiyo na ile mbele yangu. Mimi niliiunganisha kila usiku.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Nilijitetea kwa kila namna. Huenda kitabu kimekosea. Nikatafuta viwili vingine; havikukosea. Huenda sanaa inaruhusu. Huenda mtu wa Satsuma mmoja aliugua akashindwa kuhama. Hii ya mwisho niliifikiria kwa dakika ishirini, nikiwa kwenye basi la kwenda kituo cha metro, na nikapitiliza kituo.

Siku ya nne mchana nilimwambia. Alikuwa anakunywa chai, mkono wa kushoto, kama kanuni inavyotaka.

"Mwalimu," alisema, "kwa hiyo umenituma nichonge watu saba ambao kazi yao ilikuwa kutoonekana."

"Ndiyo, mzee."

"Siku kumi na moja."

"Ndiyo."

Akacheka, lakini alikitazama kikombe. "Nyumbani nilichongea watalii vifaru miaka kumi na mbili. Kuna mwaka mzima tuliweka pembe ndogo mbele na kubwa nyuma, kijiji kizima, kwa sababu mmoja alianza na wengine tukafuata. Hakuna mtalii aliyerudisha kifaru. Wacha hao watu. Wakitolewa, ua unachanika, na modeli yenye ua uliochanika inarudi hapa. Na ikirudi hapa..."

"Nimekuelewa."

"Umenielewa ama unafikiria?"

"Nafikiria."

"Ndiyo shida yako. Fikiria kesho kutwa."

Nikaahidi kunyamaza. Nataka mjue kwamba niliahidi kwa moyo wote. Asubuhi iliyofuata, tulipoifunga modeli kwenye lori, nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetoka homa.

Pale Jumeirah Lake Towers tuliiweka mlangoni, tukaondoa kifuniko, tukainyoosha taa. Bwana Higa alikuwa bado hajashuka. Sir alikuwa na fomu ya mapokezi kwenye ubao wake, na kalamu mbili, asije akakosa. Mlinzi wa jengo, Mganda anayeitwa Waiswa, aliacha meza yake akaja kutazama. Alisikia tunazungumza Kiswahili, akafurahi.

"Jamani, hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mfalme," nikasema. "Wa zamani. Kwao huyu mzee wa juu."

Akaizunguka yote, mikono nyuma. Aliinama kila upande. Alihesabu ngazi kwa kidole bila kugusa. Kisha akasimama upande wa kusini na kutabasamu.

"Hawa ndio nimewapenda. Hawa ni walinzi wake, si ndiyo? Wenzangu. Tazama huyu wa tatu, amekesha."

Wambua alikohoa.

"Mfalme bila walinzi hawezi," Waiswa akaendelea. "Sasa dada, nieleze vizuri, kwa sababu mimi nasimama hapa masaa kumi na mawili. Watu wataniuliza. Huyo mzee hatashuka kila mara kujibu. Nitasema nini? Hawa walikuwa wanamlinda mfalme na hao wageni?"

Nilikuwa nimefikiria maprofesa ambao hawatakuja. Nilikuwa nimefikiria Bwana Higa atagundua au hatagundua. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu angemtazama aliyemteka mfalme na kumwita mlinzi wake, kwa nia njema kabisa, kila siku, kwa masaa kumi na mawili.

"Si walinzi," nikasema. "Hao ndio waliomteka. Walikuja kwa bunduki wakamchukua, wakamrudisha akiwa mtu wao. Na siku hii hawakuwepo. Wageni hawa wa China walipokuja, hao saba walikwenda kujificha kijijini, ili isijulikane."

Waiswa aliinuka taratibu. "Sasa mbona wapo?"

"Mimi ndiye niliyekosea."

"Na huyo mzee anajua?"

"Hajui."

Waiswa alinitazama mimi, akamtazama Wambua, akarudi kwenye wale saba. "Kwa hiyo niseme walinzi ama niseme wamejificha hapa hapa, katikati ya uwanja?"

Sir, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na pole, aliuliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna. Lifti ikalia, Bwana Higa akatoka, amevaa koti jeusi, amejiandaa kama mtu anayekwenda kupokea ndugu uwanja wa ndege. Alikwenda moja kwa moja mbele ya ukumbi mkuu, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa ua, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, macho yalikuwa yamelowa.

"Asante," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Leteni karatasi."

Sir akamkabidhi ubao. "Yalla, haraka," akaninong'oneza, "pakia kifuniko."

Nikamgeukia Wambua. Alikuwa anamwangalia Waiswa, aliyerudi kwenye meza yake na kusimama wima, akitukodolea macho kama mwanafunzi anayengoja jibu la swali lake.

"Mwambie mteja basi," Wambua akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Mimi na wewe tunaondoka na lori. Huyu ndiye anabaki."

"Na mkataba, mzee?"

"Nimesema mwambie. Usinifanye niseme mara ya tatu, nitabadilisha."

Bwana Higa alikuwa ameshafungua kalamu. Nikasema, "Samahani, Sir," na sijui ni yupi kati ya wawili niliyekuwa namwita. Nikamwambia Bwana Higa kwamba asisaini. Nikamweleza wale saba ni nani, kwa nini niliwaweka, na kwa nini hawakupaswa kuwepo siku ile. Nikasema kosa ni la mtafiti, yaani mimi, na kwamba aliyewachonga alifanya nilichomwagiza, na alikifanya vizuri kuliko nilivyostahili. Nikasema wameshikwa kwa gundi, na nikiwatoa vigae vitabaki na alama.

Uso wa Sir ulikuwa na rangi mojawapo ya vile vilemba, na si ya cheo kikubwa.

Bwana Higa alikwenda upande wa kusini. Akainama tena. "Niliwaona kwenye picha mlizonitumia," alisema. "Wiki tatu zilizopita. Nilifikiri, wamefanya utafiti wenyewe, wamesoma, sitaki kuwaaibisha. Nikaamua kutowaona."

Akainuka, akatugeukia.

"Nani amewachonga?"

Nikamwonyesha Wambua. Bwana Higa akamwinamia kichwa, kwa kina, kama wanavyofanya kwao, na Wambua, ambaye hakuwa amejiandaa, akamrudishia saluti ya kilinzi.

"Alama zitabaki ngapi?"

"Saba," nikasema.

Akafikiri. Kisha akaweka ubao juu ya meza ya Waiswa, akanipa kalamu. "Andika hapa chini kosa lilikuwa nini na la nani. Andika kwamba limerekebishwa mbele yangu. Mimi nitasaini chini yako. Hivyo hakuna kinachorudi karakana."

Niliandika mistari minne. Mkono ulitetemeka, kama ulivyokuwa siku nilipomwambia Sir hautetemeki. Niliweka majina yangu yote matatu, na Bwana Higa akasaini chini yake. Sir aliisoma fomu mara mbili, akatafuta pa kukasirikia, hapakuwepo, akaikunja, akaitia mfukoni na kwenda nje kumpigia simu mwenye karakana kuhusu ile miaka miwili ya Wambua.

Wambua alikuwa ameshafungua sanduku la vifaa. Alinipa kibano kilichopinda, yeye akashika sahani yenye pamba.

"Anza na wa tatu," alisema. "Huyo nimempenda, sitaki aone wenzake wakitolewa."

Nikapitisha mkono juu ya ukuta wa kusini, nikamshika wa tatu kiunoni, chini ya panga zake, nikavuta mpaka gundi ikaachia na kipande chekundu cha kigae. Nikamlaza kwenye pamba, nikarudi kumchukua wa kwanza.